Karani wa Fomu za Sekondari

Karani wa fomu za kuchagua shule za sekondari husoma kila fomu kwa sauti, hata ya mtu aliyevaa miwani na tai, kidole chake kikitambaa chini ya maneno. "Ndivyo nilivyozoea," huwajibu wanaonung'unika kwenye foleni. Siku ya mwisho alifika mzee mmoja mfiwa, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa amemwambia mjukuu wake ajaze shule moja tu, ile iliyo jirani na gereji ya mtaani kwao, kwenye mistari yote mitatu, ili wakubwa wajue hatanii. Kidole kikasimama.

"Babu wee! Ukiikosa hii umezikosa zote. Mtoto atakaa nyumbani."

"Za mbali sizitaki, mwanangu. Bibi yake katutoka. Tumebaki wawili."

 Karani alikata mistari miwili, akamwandikia shule nyingine mbili za kwenda kwa miguu, akamsomea taratibu, kisha akampa kalamu atie sahihi. Mzee akaipokea, akaitazama tu. Karani akaichukua, akasogeza pedi ya wino.

"Leo ni dole gumba," akatangaza kwa sauti. "Kwa wote."

Aliyefuata kwenye foleni akarudisha kalamu yake mfukoni.