Kurasa za Salamu Kutoka Muskat

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Mombasa nikiwa nimenuna. Kampuni moja ya mizigo ya Shimanzi ilikuwa imempigia meneja wangu simu mara nne juma lile. Tuliwauzia sanduku la kupitishia simu na faksi kwenye laini ya kompyuta, na sasa faksi kutoka tawi lao la Muskat zilikuwa zikikatika katikati ya karatasi. Hapo Nairobi nilijaribu sanduku kama hilo hilo, faksi zikafika zote. "Basi nenda ukalione la kwao," meneja akasema. Mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja, na kushinda kutwa kwenye kiti cha basi kwangu ni adhabu.

Saa sita mchana tulifika Voi. Mama yangu anakaa mwendo wa nusu saa kutoka stendi, na sikuwa nimemwona tangu Krismasi. Basi lilisimama dakika kumi. Nilinunua ndizi, nikavitazama vilima vya kwetu, nikarudi kitini. Nilijiambia nitampigia simu.

Saa tisa na nusu nilishuka Mombasa, Mwembe Tayari, nikapenya kati ya malori ya makontena hadi Shimanzi, kwenye ghala lenye ofisi juu. Mkuu wa ofisi, Bwana Athman, mtu mzima wa Mji wa Kale, aliinuka kunipokea.

"Masalkheri, binti yangu. Watoka salama? Njia haikukutaabisha? Wazee nyumbani hawajambo?"

"Salama. Mashine iko wapi?"

Alinitazama kidogo, kisha akaagiza kahawa. Nilijua nimekosa adabu, lakini macho yangu yalikuwa yameshaanza kuitafuta mashine.

Akanitandikia karatasi tatu za faksi. Zote zilianza na Bismillahi, zikafuata salamu kwake, kwa nyanya, kwa majirani mmoja mmoja kwa jina, na swali kuhusu goti la mtu. Kisha weupe mtupu. Barua ilikuwa ya shemeji yake, mshika funguo wa ofisi ya Muskat, ambaye hakupata ruhusa ya kuja kumuoza binti yake, Mwanaisha. Nikahi ilikuwa kesho yake, Ijumaa, baada ya Asri.

"Mimi ni mjomba tu," Bwana Athman akasema. "Siwezi kumuoza ila baba yake aniwakilishe, niwe wakili wake. Na sheikh ataka waraka wenye saini. Asema simu haina saini."

Simu za kawaida zilikuwa zimekufa tangu maji ya mvua yaingie kwenye nyaya. Njia ilikuwa hilo sanduku letu tu.

"Kwa nini asianze na idhini, salamu ziwe chini?" nikauliza.

Mwanaisha, karani wa ofisi hiyo hiyo, alikuwa likizoni lakini amekuja kusubiri, hina mikononi. Alicheka kidogo. Mjomba wake hakucheka. "Waraka ni nusu ya kuonana, mwanangu. Hayuko kumuoza mwanawe, na salamu pia asitoe?"

Hadi jioni nilibadilisha waya, nikapunguza kasi ya mashine, nikaomba Nairobi watume. Za Nairobi zikafika zote. Nilikwenda ufukweni Mama Ngina nikanunua mihogo ya kukaanga, nikaila nikitembea, nikarudi, nikaenda tena. Nilikuwa na hofu. Nikishindwa mimi, msichana wa watu atapambwa na asiolewe.

Ijumaa asubuhi niliomba nione kwa macho yangu wanavyopokea. Baba yake Mwanaisha alikuwa amefungua ofisi ya Muskat kwa jambo hilo tu. Simu ikalia, Bwana Athman akainua mkono wa simu. Wakasalimiana. Wakaulizana joto, goti, nyanya, kila mtu kwa jina lake. Nilitazama saa: dakika nne. Ndipo akasema, "Haya, tuma," akabonyeza kitufe. Karatasi ikatoka na salamu zake, ikakatika palepale.

Nikakaa kitako kwa mara ya kwanza tangu nifike. Lile sanduku husikiliza mwanzo wa simu tu. Likisikia mlio wa faksi, huupisha mzima. Likisikia watu wanaongea, huibana sauti yao ili isichukue nafasi, na halibadili nia tena mpaka simu ikatwe. Mlio wa faksi ukibanwa hivyo hukatika. Nairobi sijawahi kumsalimu mtu kabla ya faksi, wala baada yake.

Nilifungua mdomo kumwambia wasisalimiane, nikaufunga.

"Bwana Athman," nikasema, "salimianeni mshibe. Kisha mkate, apige tena, na mara hii asiinue mtu simu."

Shemeji yake alipopiga kuulizia karatasi, akampa maneno hayo, akasikiliza, akanigeukia. "Auliza, simu ya pili aianze bila salamu?"

"Mwambie za kwanza zatosha zote mbili."

Mwanaisha akaomba azungumze na baba yake. Aliongea naye taratibu, na sikutazama saa.

Simu ikalia tena. Hakuna aliyeigusa. Mashine ikapiga mlio wake, karatasi ikaanza kutoka: nyanya, majirani, goti. Ikapita pale pa kukatika. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: "Nimemuwakilisha shemeji yangu Athman amuoze binti yangu Mwanaisha," na saini. Mwanaisha akalia, akashindwa kujifuta kwa ajili ya hina, nikamfuta mimi kwa leso yangu.

Baada ya Asri, Mji wa Kale, nilikaa ghorofani na wanawake, dirisha likitazama msikiti. Sheikh aliusoma waraka wote kwa kipaza sauti, asiruke jina hata moja.

Jumamosi nilibandika karatasi juu ya mashine: "Salimianeni. Kateni. Kisha tumeni." Saa sita basi likasimama Voi. Nikashusha mkoba wangu.

Mama alikuwa anachambua mboga uani. Aliponiona alifurahi, akajifuta mikono, na badala ya kunisalimu akaniuliza, "Basi lako linaondoka saa ngapi?"

Ndivyo nilivyomzoeza.