Majani Aliyoniletea Sangwian

Tangu serikali iruhusu watu kupanda bangi majumbani, duka langu liligeuka zahanati. Mimi nauza mbolea, mbegu na chakula cha kuku. Utaalamu wa mimea sijausomea. Lakini kila asubuhi, kabla sijamaliza hata kufungua milango, mtu ameshasimama nje na mfuko wa nailoni wenye jani ndani, anataka nimwambie lina nini. Watu waliolima mpunga miaka arobaini bila kuniuliza neno, leo wana mche mmoja chumbani chini ya taa na usingizi umewapaa. Walimu wastaafu, madereva wa bajaji, hata mtawa mmoja mzee alinitumia picha. Nilichoka nao, sifichi. Kufikia mwezi wa nane nikiuona tu mfuko wa nailoni, kichwa kinaanza kugonga.

Sangwian alikuwa mmoja wao, ila yeye nilimvumilia kwa sababu tunatazamana mlango kwa mlango. Ni mpiga pasi. Nguo za nusu ya mtaa wetu hapa mjini Roi Et hupitia mikononi mwake: sare za walimu, mashati ya watu wa benki, suruali za polisi zenye mkunjo mkali. Huamka saa kumi alfajiri, akapika uji wa mchele wa mumewe, kisha akasimama kwenye meza ya pasi mpaka jua lizame, miguu imemvimba. Ana miaka hamsini na sita na ukimwona kwa nyuma utamdhania sabini. Hana maneno mengi. Ukimuuliza hali atakujibu, "Ipo," na kuendelea na kola ya shati.

Mumewe, Prayong, ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu mnene, wa mizaha, akicheka huku mtaani unamsikia sokoni. Kisha tumbo likamshika. Hospitalini walimpasua wakakata kipande, wakamchoma dawa za saratani mara tatu, na ya nne wakasita kwa kuwa alikuwa amekonda mno. Daktari aliwaeleza wote wawili bila kuzunguka: akila akaongeza kilo nne, wataendelea na dawa, asipokula, hawana la kumfanyia. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na habari nyingine ila kilo nne.

Bangi ililetwa kwa ajili hiyohiyo. Binti yao, anayefanya kazi kiwandani katika mji wa Rayong, alisikia inarudisha hamu ya kula, akawatumia taa na kuwaandikisha serikalini kwa simu. Sangwian alikuwa hajawahi kupanda hata mchaichai. Nje hakuthubutu: mvua zilikuwa zimeshika, na isitoshe, huku kwetu jani la bangi likichungulia ukutani majirani hulichuma wakatia kwenye supu ya kuku, hata hodi hawapigi. Kwa hiyo chungu kikawekwa ghorofani, chumbani kwa mgonjwa. Prayong mwenyewe aliomba kisogezwe ubavuni mwa kitanda, apate wa kuongea naye mkewe akiwa chini kazini. Mche ule akauita Shemeji.

Jani la kwanza Sangwian aliniletea mwanzoni mwa Julai.

"Dada Chaluai, hebu nitazamie hili."

Lilikuwa jani la chini, limegeuka manjano lote, laini, halina doa.

"Njaa," nikamwambia. "Mche unakua, unajila wenyewe kuanzia chini. Chukua mbolea hii, nusu kifuniko kwa lita ya maji, mara moja kwa wiki. Usizidishe."

"Si ugonjwa?"

"Nimesema njaa. Na mumeo, anakula?"

"Anamaliza bakuli," akasema, na uso wake ukalegea kidogo. "Kila asubuhi. Nikipanda kuchukua vyombo nakuta bakuli jeupe."

Nikafurahi. Nikamuuzia chupa yake bila kuinuka kitini.

Alirudi baada ya wiki mbili na jani jingine. Hili lilikuwa la juu zaidi, kijani bado, lakini ncha zote zimekauka na kingo zimeungua, kana kwamba mtu amezipitia akizigusa kwa sigara.

"Umeushindilia mbolea," nikasema.

"Nusu kifuniko, dada. Ulivyoniambia."

"Wote mnaoanza mnasema nusu kifuniko. Kisha mnaona huruma mnaongeza. Hebu acha mbolea kabisa, mwagia maji matupu, mengi, mpaka yatoke chini ya chungu."

Alisimama tu pale amelishika jani lake kwa vidole viwili.

"Labda ni wadudu," akasema.

"Wadudu hutoboa. Hili limeungua."

"Au maji ya bomba?"

"Maji ya bomba hayohayo nanywesha miche yangu yote."

"Au taa iko karibu mno?"

"Sangwian, unataka nikuchagulie ugonjwa?"

Akatabasamu kichovu. "Ndiyo, dada. Nichagulie."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, na kwa kuwa yeye si mtu wa utani nikaona labda hali ya nyumbani imekuwa nzuri.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi moja ya Agosti, duka limejaa. Alikuja na jani mkononi, hata mfuko hakuwa nao. Lilikuwa limejikunja kuelekea chini, manjano katikati ya mishipa, kahawia pembeni, na lilipoguswa likavunjika. Nilimuuliza kama aliacha mbolea. Aliacha. Alimwagia maji? Alimwagia. Nikamuuliza kama chungu kina tundu chini, akasema kina matundu matatu.

"Na Prayong?"

"Anamaliza bakuli. Jumatatu tuna miadi hospitalini. Watampima."

Hapo nikashikwa na ukaidi wangu. Mche hauungui hivyo kwa maji matupu, na mimi sikubali kushindwa na mche mmoja wa chumbani. Nikawaambia wateja wangoje, nikavua aproni.

"Usijisumbue, dada," Sangwian akasema haraka. "Ngazi zetu kali, na magoti yako hayo."

"Magoti ni yangu."

Tukavuka barabara. Kufika kwake, hakunifuata juu. Alirudi kwenye meza yake, akaishika pasi, akaniachia ngazi.

Nilikuwa sijapanda kumwona Prayong kwa mwezi na zaidi. Ni kuvuka barabara tu, na sikuvuka. Kila siku nilijiambia kesho. Nilipomwona nilijuta. Shuka lilikuwa limemfunika lakini chini yake hukuona mtu. Macho tu ndiyo yaliyokuwa ya Prayong ninayemjua.

"Dada Chaluai," akasema. "Umekuja kumtazama mgonjwa au Shemeji?"

"Shemeji. Wewe huninunulii kitu."

Akacheka bila sauti. Nikainama kwenye chungu. Vijiinzi vyeusi vikapaa usoni pangu, na harufu ikanipiga, harufu ya kitu kilichochacha. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha. Chini yake nikakuta punje za wali, zimevimba na kulainika, vipande vyembamba vya tangawizi, na kitunguu cha majani kilichooza. Nikanusa kidole. Sosi ya samaki, ile ya kwetu yenye chumvi tupu.

Wiki tano nilikuwa naletewa chumvi, naiita mara njaa, mara mbolea. Nikageuka kumtazama Prayong, naye alikuwa ameacha kucheka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Punguza sauti."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Uji haupiti, dada," akasema taratibu. "Kijiko cha kwanza nakilazimisha, cha pili kinarudi. Tangu mwezi wa saba hivyo. Yeye anaamka saa kumi. Anamchambua samaki mwiba mmoja mmoja, na ile miguu yake. Nitamrudishia bakuli limejaa kwa uso gani?"

Kwetu ndivyo tulivyo. Mtu atakula asichokitaka, atakunywa kinachomchoma, ili aliyempikia asione kuwa amejisumbua bure. Nimewahi kuiona heshima hiyo ikimlaza mgeni hoi kwa tumbo. Lakini mtu kufa njaa kwa heshima, na mkewe yuko chini yake ngazi kumi na mbili, hilo lilikuwa geni kwangu, na nilipandwa na hasira.

"Ungemwambia. Angekupikia maji ya wali, angekusagia, angefanya lolote."

"Atafanya, najua. Ataamka saa tisa badala ya saa kumi." Akapumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. "Lile bakuli tupu ndilo linalomsimamisha pale kwenye pasi. Nikimwondolea, ataanguka."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ije yenyewe. Mwambie maji yamezidi. Wewe ndiye mjuzi wa majani, atakuamini."

"Unaua mche, Prayong."

"Shemeji ana nguvu kuliko mimi," akasema, akafumba macho.

Nilishuka ngazi polepole, na safari hii si kwa sababu ya magoti. Hasira yote ilinirudia mwenyewe, mtu mzima niliyetazama majani matatu yakilia chumvi na kuuza chupa. Njiani nilijaribu ule uongo kimoyomoyo. Ulikuwa mwepesi. Wanaoanza wote huzidisha maji.

Sangwian alikuwa na shati la mwalimu mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Mche una nini?"

"Maji yamezidi," nikasema. "Mizizi inaanza kuoza. Kwa wanaoanza hutokea sana."

"Maji."

"Maji tu."

Akaigeuza kola, akaipitishia pasi upande wa pili.

"Nilidhani utasema ni sosi ya samaki," akasema.

Akamaliza mkono wa shati, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akaisimamisha pasi, akaketi kwenye kigoda.

"Wiki ile ya ncha zilizoungua, nilikuwa nimeshaziona punje," akasema. "Nikazifukia kwa kidole, asijue nimeona."

"Sasa majani ulikuwa unaniletea ya nini?"

"Wewe unajua majani, dada. Nikasema labda utaona kitu kingine. Ungesema ni wadudu, basi mimi ndiye niliyekosea, na zile punje zilidondoka tu, mkono wake unatetemeka. Ile siku uliposema mbolea imezidi, nililala usiku kucha. Sikuwa nimelala hivyo tangu alipopasuliwa."

"Mwambie unajua. Mnateseka wote wawili bure."

"Akijua najua, ataona haya kunitazama. Hana nguvu ya kuona haya, huoni alivyo? Anatumia zote kuinua lile bakuli." Akajifuta uso kwa kitambaa cha kunyunyizia nguo maji. "Nimechoka, dada."

Miaka ishirini na miwili tunatazamana mlango kwa mlango, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilivuta ndoo nikaipindua, nikaketi karibu naye. Nilitaka kulia na sikuona sababu ya kujizuia, nikalia. Wateja wangu ng'ambo waliona na mmoja akaanza kufunga milango ya duka kwa niaba yangu.

"Jumatatu mizani itasema," Sangwian akasema. "Itasema mbele yetu wote, na daktari atasema lake, na tutarudi nyumbani tukiwa tunajua. Hiyo sina namna. Lakini kuna Ijumaa, Jumamosi, Jumapili." Alikuwa anaitazama miguu yake. "Nipike, dada? Au niache?"

Nilifikiria juu kule, mtu anayengoja mkewe ashuke ngazi ndipo ajikokote ubavu mpaka kwenye chungu. Nikafikiria saa kumi alfajiri na miiba ya samaki.

"Pika," nikamwambia. "Ila chumvi yoyote usitie. Wala sosi."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akavuta shati jingine.