Yule Mama wa Chama cha Wafanyabiashara

Yule mama wa chama cha wafanyabiashara wa jimbo zima la Nebraska husimama nje ya ukumbi wa bunge mikono mitupu. Sisi washawishi wengine, tunaolipwa kuwabembeleza wabunge, hupeleka vikaratasi ndani kuwaita maseneta, tukangoja mpaka miguu ife ganzi. Yeye hufuatwa. Leo Seneta Pospisil, niliyemwita mimi kwa ajili ya wenye maduka madogo, alitoka akanipita kama anayepita nguzo, akamwendea yule mama. "Dada, huu muswada wa kodi vipi?"

"Achana na muswada. Nyonga ya mama yako inaendeleaje?"

Kijicho kikanitafuna. Kisha yule mama akanigeukia, akanishika kiwiko: "Na mumeo, bado anakohoa?" Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza humu. Nikamweleza yote, machozi yakinilenga, mpaka kengele ya kura ikalia. Pospisil alishaingia kupiga kura, nami sijamwambia neno juu ya maduka madogo.