Aliyeushika Ukuta Ijumaa Mchana

Haya sikusimuliwa. Niliyaona mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyundo mkononi na akili zangu zote kichwani, wala siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la mnazi. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Kakuyuni. Miaka ile ya themanini kazi ilikuwa Malindi. Wageni walikuja kwa wingi, na kila mwenye nyumba katika mji wa kale alitaka chumba cha kukodisha. Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Athmani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya babake, Mzee Bakari: ghorofa moja, ya mawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono. Mzee huyo nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa amepigwa na kiharusi, mwaka wa pili huo yuko juu kitandani, hasemi wala hajigeuzi, akiuguzwa na mkewe, Bi Salma. Chini palikuwa patupu, Athmani akaona apafanye duka. Akang'oa madirisha matatu madogo ya mbao, akatia mapana ya vioo vya luva, vile vipande vinavyofunguka kwa kuvuta mkono wa chuma.

Kazi hiyo hakunipa mimi. Alimpa fundi mwingine, aliyemaliza haraka haraka Jumatatu akaenda zake. Mimi niliitwa kwa sababu ya ufa.

"Njoo uuzibe tu, fundi," Athmani aliniambia. "Lipu imepasuka kidogo. Mpangaji anaingia kesho."

Nikaenda Ijumaa, adhuhuri. Athmani akanifungulia, akanionyesha ufa, akawahi msikitini. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, mtaa umenyamaza kimya. Nikabaki peke yangu kule chini.

Sasa hebu niambie, wewe ungeuziba ufa bila kuuliza umetoka wapi? Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda kwa vidato mpaka darini. Nikavuta mkono wa luva. Vioo vikakataa kufunguka. Nikaweka pima maji juu ya fremu, nikaona imebonyea katikati. Fremu ya chuma chembamba haikutengenezwa kubeba ukuta! Nikagonga lipu iliyo juu ya dirisha, ikamwagika, na ndani yake nikaona mambo. Nyumba zile za kale zina boriti juu ya kila dirisha, na boriti hizo ndizo zinazobeba mawe ya juu. Yule fundi alizikata ili apate upana, mahali pake akapachika vijiti viwili vya nondo, akafunika. Linta, boriti ile ya zege ya kubeba mawe, hakuna. Dirisha la pili hivyo hivyo. Basi ni nini kilichokuwa kikiuzuia ukuta usishuke?

Nikaingia chumba cha ndani, kwenye dirisha la tatu.

Palikuwa na mtu. Mzee, amevaa kikoi na fulana, amenipa mgongo. Miguu ameitanua, mikono ameinyoosha juu, viganja amevibandika ukutani juu ya dirisha. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, jasho linamchirizika mpaka visiginoni.

Nikadhani ni mtu wa nyumbani aliyeona hatari kabla yangu. "Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekawia. Lete miti."

Sikuuliza. Naapa, sikuuliza hata jina lake. Ukimwona mtu ameelemewa na mzigo, unauliza jina? Uani kulikuwa na miti ya mvinje iliyobaki kwenye jukwaa la mafundi. Nikaikimbilia. Nikaburuta mti wa kwanza, nikausimamisha chini ya mawe kando ya mkono wake, nikaweka ubao juu na kabari chini, nikapiga nyundo mpaka ukakaza.

"Bado," akasema.

Nikaleta wa pili. Nikaleta wa tatu, mikono inanitoka damu kwa magome. Akawa anarudia neno hilo hilo, bado, bado, na sauti inazidi kufifia. Nikajiambia sitoki humu mpaka huyu ashushe mikono. Mti wa tano ulipokaza, akageuza shavu kidogo nikamwona uso: ndevu nyeupe, na baka jeusi chini ya sikio.

"Sasa," akasema.

Akashusha mkono mmoja, kisha wa pili. Ukuta ukaguna, vumbi likamwagika, miti ikalia, lakini ukasimama. Nikainama kuikaza kabari ya mwisho. Nilipoinuka, hayupo. Na mlango wa chumba kile ni mmoja tu, na kuufikia ingembidi anipite mimi.

Nilitaka kukimbia, nisikudanganye. Miguu ilishageuka kuelekea barabarani. Lakini nilijua juu kuna watu wawili, na madirisha mawili yale mengine hayana hata mti mmoja. Nikajikaza, nikafuata ngazi.

"Hodi, Mama!"

"Karibu. Ngoja nijitande." Bi Salma akavaa leso, akaniita. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kitambaa kibichi mkononi, analia. "Afadhali umekuja, mwanangu. Tazama. Tangu Jumatatu bwana huyu ameinua mikono, mikono ambayo hata kijiko haiwezi. Nikiishusha, aipandisha. Halali, hali. Sasa hivi tu imeanguka yenyewe."

Nikatazama. Ndevu nyeupe. Baka jeusi chini ya sikio. Ni uso ule ule, ila huu mdomo umevutwa upande. Fulana imelowa chepe chepe. Na viganja, niamini, viganja vyote viwili vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

"Nafuta, chatoka tena," akasema Bi Salma. "Chokaa hii aipata wapi?"

Mzee akafungua macho, akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Nikamwelewa: chini bado pana hatari, watu watoke.

Athmani aliporudi akatukuta tunatoa magodoro. Akapandwa na hasira.

"Nimekuita kuziba ufa, fundi! Nani amekwambia uhamishe watu?"

"Nyumba hii haina linta," nikamjibu. "Mpangaji haingii kesho, wala wewe hulali humu leo. Nifukuze ukitaka, lakini kwanza tumtoe babako."

"Fundi mwenzako hakuona shida yoyote."

Mamake akamshika mkono, akampeleka kitandani, akamfunulia viganja vya babake. Athmani akavishika, akavinusa, akateremka chini. Huko akaiona miti yangu, na mawe yasiyo na boriti juu ya madirisha. Aliporudi alikuwa amekwajuka, akainama mwenyewe akambeba babake mgongoni mpaka nyumba ya jirani.

Mchana ule ule niliyawekea miti madirisha mawili yaliyobaki. Vioo vyote nikaving'oa. Nikamimina linta za zege zenye nondo nzima, zimeingia ukutani huku na huku, na miti nikaiacha wiki tatu. Athmani alinibembeleza niitoe mapema. Nikakataa, na kila asubuhi nilipita kuikagua, mti kwa mti. Mzee Bakari akarudishwa chumbani kwake. Hakusema tena, lakini alilala usingizi, na alifariki mwaka uliofuata, kitandani mwake, mikono imetulia kifuani. Nyumba ipo mpaka leo.

Mimi ndiye niliyebaki na kitu. Tangu siku ile nikiingia mahali penye ukuta mbovu, mabega yananiwia mazito, kama nimewekewa gunia. Mwaka mmoja yalinilemea katika darasa la watoto kule Tezo, katikati ya mkutano wa wazazi. Nikasimama nikawaambia watu watoke. Walinicheka, lakini sikukaa mpaka wametoka wote. Tulipobomoa lipu, boriti zilikuwa unga mtupu, mchwa wamekwisha kuzila.

Basi nawe ukibadilisha dirisha, usishangilie vioo. Tazama kilicho juu yake. Mwambie fundi akuonyeshe linta kabla hajaifunika kwa lipu, na akikwambia hakuna haja, mwondoe hapo hapo, uite mwingine. Bi Salma alikuwa na mume wa kuushika ukuta siku nne usiku na mchana. Wewe una nani?