Gata za Pande Nne

Jumanne asubuhi niliondoka Kibuye bila mpango, nikafuata barabara tu hadi Milimani. Kwenye lango moja, mama mmoja alikuwa akitafuta fundi wa kumwekea gata za kukinga maji ya mvua. Nikasema fundi ni mimi. Ujinga gani ule! Maishani mwangu niliwahi kumshikia fundi ngazi siku mbili tu, kule Ahero.

"Nipigie hesabu," akasema. "Nikiridhika, utalala kile chumba cha nyuma mpaka kazi iishe."

Nilikuwa nimelala kwenye baraza za maduka wiki nzima, na tamaa ya chumba hicho ilinitia wazimu. Nikaizunguka nyumba na tepu aliyoniazima mama, nikapima kuta zote nne, nikamwandikia bei. Nikikumbuka nilivyojivuna, hadi leo natamani kujizaba kofi.

Mama akasoma karatasi polepole. "Fundi, paa langu linateremka pande ngapi?"

"Mbili, mama."

"Basi kuta hizi mbili zisizopata maji, umeziwekea gata za nini?"

Nikainua macho. Hapo ndipo nilipolitazama paa vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ama huko," akauliza, "maji utayapeleka wewe na ndoo?"