Tulitundika leseni ya antivirus ukutani bila kuisoma, nusura nyimbo za Mwalimu zipotee

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Jana nimesoma uzi wa ndugu yetu aliyenunua antivirus ya bei poa, ikamgomea baada ya wiki mbili. Nikacheka mpaka mume wangu akaniuliza nina nini. Sikumcheka yeye jamani, nilijicheka mwenyewe, maana yangu yalinikuta enzi za disketi na sijawahi kuyaandika popote.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, chumvi mtatia wenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeshafunguliwa, Mwanza kila mwenye kibaraza ameweka duka. Mimi ndiyo nimetoka chuo cha uhazili, nikapata kazi kwa Mama Koku.

Mama Koku alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mlutheri wa kwelikweli, karani wa serikali aliyepunguzwa kazini. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye kiinua mgongo chake akanunua kompyuta mbili na printa, akapanga chumba jirani na soko kuu, tukaanza kuchapa barua za watu, kadi za harusi na ripoti.

Kazi ya mteja haikukaa kwenye kompyuta, nafasi ilikuwa ndogo. Ilikaa kwenye disketi yake, na disketi zote tulizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Mnaona wenyewe usalama ulivyokuwa.

Sasa kati ya wateja wetu alikuwepo Mwalimu Mazigo wa Nansio.

Alikuwa mwalimu mstaafu, Mkatoliki, na kila baada ya wiki mbili alivuka na meli kutoka Ukerewe akiwa na mfuko wa madaftari. Miaka mingi alizunguka vigango vya kisiwani akiandika nyimbo za zamani za Kikerewe, zile ambazo wazee walizitunga wenyewe na hazikuwa kwenye kitabu chochote. Wengi waliomwimbia walikuwa wameshalala.

Mimi Kikerewe sikijui. Yeye alisoma, mimi nikachapa herufi kwa herufi. Nikikosea pa kukata mstari, aliimba kidogo ili nisikie mahali pa kuvuta pumzi. Wateja wa kadi za harusi walikuwa wakingoja foleni wanaitikia kiitikio, na Mama Koku anajifanya amekasirika. Nilizipenda sana zile siku.

Siku moja akaja bila mfuko. Nikamwuliza, "Shikamoo Mwalimu, madaftari yako wapi?"

"Marahaba binti yangu. Mchwa wameyaimba mpaka ukurasa wa mwisho."

Alikuwa ameyaweka chini ya kitanda. Lakini hakuhuzunika, kwa sababu tulikuwa tumeshachapa yote. Yamebaki kwenye disketi zako, akasema, disketi hailiwi na mchwa. Tukacheka wote.

Turudi kwenye antivirus.

Wakati ule virusi vilikuwa vinatembea na disketi, mtu anakuletea barua yake na ugonjwa humo humo. Mama Koku akasikia kuna kijana anaitwa Deo, ana duka la vifaa vya kompyuta kule Makoroboi, anauza antivirus halisi kwa nusu bei. Tukaenda. Deo alisema wazi, bei imeshuka kwa sababu boksi ni la toleo linaloisha, lakini mkifuata masharti mtafaidi sawa na wa bei kamili.

Sisi tulisikia "nusu bei". Hayo mengine yalipita.

Ndani ya boksi mlikuwa na disketi na karatasi moja nzuri, nene, ina nembo ya rangi ya dhahabu, juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni leseni.

Wakuu, aliyefanya biashara nchi hii anajua. Leseni ni kitu cha kutundika ukutani. Bwana biashara akiingia kukagua, kabla hajakusalimu ameshainua macho ukutani. Sisi tulikuwa na leseni ya biashara kwenye fremu, cheti cha kodi kwenye fremu, picha ya Rais kwenye fremu. Sasa imekuja leseni nyingine, ina dhahabu, unaiwekaje kwenye droo?

Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaipeleka kwa Mzee Masanja fundi fremu. Akaibandika kwenye ubao, akaweka kioo. Ikakaa katikati, ikazipita zote kwa uzuri. Hakuna aliyegeuza nyuma kuangalia kuna nini.

Ile disketi tukaiweka kwenye kompyuta zote mbili. Basi habari zikasambaa mtaani kwamba kwa Mama Koku kuna dawa. Jirani wa duka la vitabu akaja kuazima. Akafuata wa kliniki. Akafuata mwenye ofisi ya kusafirisha samaki. Kwetu jirani akiomba kinu humwambii hapana, na disketi tuliichukulia hivyo hivyo. Ilizunguka mtaa mzima, ikirudi nasema asante.

Disketi ina kidude kwenye kona cha kuzuia isiandikwe kitu kipya. Huko ilikozunguka, mtu alikisogeza. Dawa ikarudi nyumbani na ugonjwa, tena ugonjwa mpya ambao yenyewe haiujui.

Nikaitumbukiza kwenye kompyuta kama kawaida.

Siku tatu baadaye nikaweka disketi ya Mwalimu ili nyimbo zitoke sasa kwenye printa, ziwe kitabu. Kompyuta ikaniambia disketi hii haijaandaliwa, unataka niiandae? Ndiyo au hapana. Nikaitoa, nikaweka ya akiba. Jibu lile lile. Kwa haraka yangu nilikuwa nimeshaziingiza zote mbili, na virusi vimezishika zote.

Jirani wa duka la vitabu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Dada bonyeza ndiyo, itafunguka."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mama Koku alipiga kelele kutoka kwenye meza yake, "Acha! Usikubali kitu usichokielewa!" Nikaondoa mkono. Baadaye nikajua kwamba ningebonyeza, disketi ingefutwa yote.

Antivirus yetu tukaiendesha. Ikasema hakuna tatizo.

Ijumaa Mwalimu akafika na meli. Ilinibidi nimwambie mimi, maana mimi ndiye niliyeziingiza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Binti yangu, ungenipa daftari jipya hata sasa, siwezi. Jicho la kushoto limezimika. Hili la kulia linaona moshi. Na wale walioniimbia, nimewazika."

Hakunigombeza hata neno moja. Nililia mbele ya wateja bila aibu. Angenitukana ningeona nafuu.

Mama Koku akachukua khanga yake, akaniambia simama twende kwa Deo. Njia nzima anasema huyu kijana leo ataturudishia hela yetu.

Deo akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Leseni mliisoma?"

Mama akajibu kwa hasira, "Leseni ipo ukutani, kila mtu anaiona!"

"Nyuma, Mama. Nyuma yake kuna masharti, na chini kuna kadi ya kukata. Ukiijaza na kuituma kwa wakala Nairobi ndani ya mwaka mmoja, unaletewa disketi mpya bure. Ndiyo maana niliwaambia masharti."

Mwaka ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Wakuu, tulitembea kama tunakimbia. Tukaishusha fremu, tukampelekea Mzee Masanja. Akageuza ubao huku na huku.

"Ng'wanawane, mwanangu, mlisema kalatasi ya kutundika. Hamkusema ya kusoma."

Hilo neno sijalisahau. Nikamwuliza kama itabanduka bila kuchanika. Akacheka, akasema gundi yake ni uji wa muhogo, siyo ile ya dukani. Akaweka birika jikoni, mvuke ukatoka, akaishika karatasi juu yake na kuivuta kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mama Koku alikuwa anasali kwa Kihaya. Mwalimu, ambaye alikataa kubaki ofisini, alishika ubao upande wa pili.

Ikatoka nzima. Imekunjamana, inanuka muhogo, lakini kila herufi inasomeka.

Tukasoma pale pale barazani, mimi nikitafsiri Kiingereza, wao wakisikiliza. Kompyuta moja tu. Usiazimishe. Usisogeze kidude cha kuzuia kuandikwa. Yaani kila tulichokifanya kilikuwa kimekatazwa kwa mpangilio, kama mtu alikuwa anatuchungulia.

Halafu kadi. Ilikuwa na swali: umeiweka kwenye kompyuta ngapi? Mimi nikasema tuandike moja, Mama, tusije tukanyimwa. Mama Koku akaninyang'anya kalamu.

"Nataka kitu cha haki kwa uongo? Lete hapa." Akaandika mbili, na chini akaongeza kwa mwandiko wake wa ukarani kwamba iliazimwa na majirani watatu kwa kutojua, na haitarudiwa.

Nilijua basi, nyimbo zimekwenda.

Kadi ikasafiri kwa basi, mkononi mwa shemeji yake Deo. Siku kumi na moja nilikuwa silali vizuri. Siku ya kumi na mbili Deo akaja mwenyewe na bahasha. Ndani kuna disketi mpya na barua fupi: ondoeni kwenye kompyuta moja, au lipieni ya pili kwa punguzo la waliosajiliwa. Wala hawakutukaripia. Mama akalipia ya pili wiki ile ile, akiimba.

Tulimsubiri Mwalimu ndipo tuiendeshe, aliomba awepo. Disketi mpya ikavitambua vile virusi kwa jina, ikaviondoa. Nikaweka disketi ya nyimbo. Orodha ikashuka kwenye kioo, wimbo baada ya wimbo. Nikamsomea majina, yeye anaitikia kila mmoja kwa kichwa, kama mwalimu anayeita mahudhurio na wote wapo.

Mmoja tu ulikataa kufunguka. Mwalimu akasema huo anao. Akauimba pale pale amekaa kwenye kiti cha plastiki, nikauchapa. Na foleni ya kadi za harusi ikaitikia.

Kitabu kilitoka kabla ya Pasaka. Alituletea nakala tatu: ya Mama, ya Mzee Masanja, na yangu.

Somo mnalo. Punguzo siyo baya, Deo alituuzia kitu cha haki. Ila ukinunua programu umenunua na masharti yake, na siyo yote yapo kukubana. Haki yetu sisi ilikuwa humo humo, imegandishwa kwenye ubao kwa uji wa muhogo, na tuliipita kila asubuhi tukiisifia dhahabu. Leo hakuna karatasi, kuna kitufe cha "nakubali", na najua mnakibonyeza kama mimi nilivyotaka kubonyeza ile ndiyo.

Mwalimu alishatangulia. Juzi nimekichukua kitabu chake, nikageuza jalada la nyuma, nikacheka na machozi yakanitoka. Ameandika masharti yake pale, na mimi ndiye niliyeyachapa:

"Kitabu hiki kiimbwe nyumba zote. Azima jirani. Nakili kwa mkono ukitaka. Usikiweke chini ya kitanda, na usikitundike ukutani."

Haya, semeni ukweli humu. Nani amewahi kusoma masharti mpaka mwisho kabla ya kukubali? Na kama kuna mtu wa Ukerewe ambaye kwao nyimbo hizo bado zinaimbwa, aniambie, nitafurahi sana kusikia.