Sauti Ilikuwa Inatoka Safi

Mimi Nelson si mtu wa kuomba radhi, waulize hapa Mbalibali watakuambia. Lakini hili la dada yangu Kezia lazima niliseme. Nikionekana mjinga, basi na nionekane.

Kezia hasikii wala hasemi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo utotoni. Shule hatukumpeleka. Amekulia hapa akilima na kufuga kuku, na katika maisha yake yote amepata mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, binti yake Elieth. Wale wawili walijitungia lugha yao ya mikono. Ungewakuta jikoni mikono inaruka, wanacheka mpaka machozi, na mimi mwenye masikio mazima siambulii kitu.

Elieth alipofika miaka ishirini na miwili akavuka mpaka wa Sirari, akaenda Nairobi kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja. Kila Jumapili mchana alipiga simu ya video. Kwangu huku bondeni mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo tulitumia ruta ya intaneti niliyonunua zamani kwa ajili ya kutazama mpira. Ilikuwa imechoka. Elieth anainua mkono, picha inaganda; ikirudi, mkono uko kwingine kabisa.

Mimi haikunisumbua. "Mjomba shikamoo, niko salama, kazi inaendelea vizuri." Namwitikia marahaba, naenda zangu. Kezia anabaki ameikodolea macho simu, anatafuta mikono ya mwanawe.

Baada ya wiki chache akanivuta shati. Akanionyesha ruta, akajigonga kifundo cha mkono kwa ukingo wa kiganja, kama anayekata nyama. Mikono inakatika. Hilo hata mimi nililielewa. Jumapili nyingine Elieth alishika shingo, picha ikaganda hapo hapo. Kezia naye akashika shingo yake, akaniuliza kwa macho. Nikapenga kamasi za uongo kumwonyesha kwamba ni mafua, nikacheka. Nilicheka, Mungu wangu!

Ili anipe amani, nikamwita Faridu, fundi wa simu wa Mugumu. Akaigeuzageuza ruta, akatikisa kichwa.

"Mzee Nelson, hii ya kizamani, video haiiwezi. Chukua mpya, nakufungia leo leo."

"Sauti si inatoka?"

"Sauti inatoka safi."

"Basi acha biashara zako, mura. Tutaangalia baada ya mavuno."

Kezia alikuwa mlangoni akitusoma nyuso. Faridu alipofunga begi lake, Kezia akamkamata mkono asiondoke. Nilimbandua kwa nguvu. Niliona aibu, dada yangu anang'ang'ania fundi wa watu.

Hata mahindi hayajakauka shambani, Elieth akaletwa ndani ya jeneza. Tuliambiwa alianguka kwenye ngazi. Aliyemsindikiza ni Sarah, msichana wa Nyanungu aliyefanya kazi nyumba ya jirani huko huko Nairobi. Tulipomaliza kuzika akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Mzee, mbona hamkuja kumchukua? Si alikuwa anawaambia kila Jumapili? Yule mama alikuwa anakaa pembeni anasikiliza kila neno. Kwa mdomo Elieth anasema niko salama. Kwa mikono anasema ananipiga, ananikaba shingo, njooni."

Sarah akamwendea Kezia, akamwonyesha zile ishara moja moja, jinsi alivyofundishwa na Elieth mwenyewe. Kezia aliziangalia mpaka ya mwisho, kisha akakaa chini kwenye udongo mbichi.

Bado anaishi kwangu. Ananipikia, ananitengea maji ya kuoga. Nimempigia magoti, nikaunganisha viganja kama mtu anayesali, nikalia mbele yake. Ananitazama, halafu anachukua jembe anaondoka. Sijui kama hajanielewa au hataki kunisamehe. Aliyekuwa anatutafsiria tumemzika.